Shoga, pesa ikiingia haiombi namba ya siri

Kikwajuni, Unguja

Shoga yangu Mwanakhamis,

Assalaam alaykum. Natumai nyote hapo Chake ni wazima. Umeniuliza juu ya meseji za malipo kabla hujaanza kuwauzia madera na udi watu usiowaona uso. Nakuandikia kwa kirefu, maana kwenye simu tungeishia kwenye habari za harusi.

Kwanza kabisa: pesa inayoingia kwenye simu haiombi namba ya siri. Wala haikwambii ubonyeze 1 ili "uikubali". Skrini ikikudai namba ya siri, ipo pesa inatoka, hata huyo wa upande wa pili akikuapia kwamba anakulipa.

Sasa meseji ya uongo. Huja hivi: "Umepokea TSh 185,000. Salio lako jipya ni TSh 212,400." Imenakiliwa vizuri, mpaka namba ya muamala ipo. Tazama juu: imetoka kwenye namba ya mtu, tarakimu kumi, na ya kweli huja kwa jina la huduma. Halafu tazama salio. Tapeli hajui ulikuwa na shilingi ngapi, kwa hivyo hubuni tu. Ukipiga hesabu, haikubali. Jina la mtumaji nalo linaweza kughushiwa, basi usihukumu kwa meseji. Ingia kwenye menyu mwenyewe, kama ni M-Pesa *150*00#, uangalie salio. Mzigo usipande boti Mkoani mpaka salio lipande. Mteja akikwambia chombo kinang'oa nanga, muwahishie, mwache king'oe. Boti nyengine itakuja.

Dakika mbili baada ya meseji hiyo tapeli hupiga simu, sauti ya huruma: alikusudia 85,000 akatuma 185,000, umrudishie laki. Kama hukupokea kitu, unampa laki yako mwenyewe. Na hata kama pesa imeingia kweli, usiirudishe kwa mkono wako. Mwambie apige 100, huduma kwa wateja ya mtandao wake, wao ndio wanaorejesha. Ukimtumia wewe na yeye akaomba muamala urejeshwe, umelipa mara mbili. Wengine hutaka irudi kwenye namba tofauti na ile iliyotuma. Hapo usijadiliane tena.

Ile "pesa tuma kwenye namba hii" hata watoto wa skuli wanaicheka, lakini bado inakula watu. Hutumwa kwa maelfu kwa pamoja, na humo hakosekani mmoja aliyekuwa kweli anataka kumlipa fundi au ada ya mtoto. Kabla hujaweka namba ya siri, menyu hukuonyesha jina la mpokeaji. Lisome. Likiwa silo, futa, umpigie anayekudai kwa namba yake ya zamani.

WhatsApp ina mtego wake. Rafiki yako wa kweli anakuandikia: "Nimekosea, kodi yangu imekuja kwako, nirushie." Akaunti yake imeshachukuliwa, na hiyo kodi, tarakimu sita zilizokuja kwako kwa SMS, ni ufunguo wa akaunti yako. Usimpe mtu. Leo hii fungua Mipangilio, Akaunti, Uthibitishaji wa hatua mbili, uweke PIN. Ukiwa umeshatoa, isajili upya WhatsApp kwa namba yako. Ukiingiza kodi inayokuja kwa SMS, yeye anatolewa. Akiwa ameweka PIN yake utasubiri siku 7 kurudi ndani, lakini na yeye hayumo. Wakati huo wapigie jamaa, kwa sababu huenda ameshaomba pesa kwa jina lako.

Kadi ya harusi inayoishia na .apk si kadi, ni programu, na ikishakaa itaomba ruhusa ya kusoma SMS zako. Viungo vya zawadi visome kutoka mwisho wa jina la tovuti, pale kwenye mkwaju (/) wa kwanza baada ya https://, kurudi nyuma: benkiyako.co.tz.zawadi-eid.info ni ya mwenye zawadi-eid.info, benki haihusiki. Alama ya kufuli kando ya anwani haimaanishi uaminifu.

Jambo moja watu wanalisahau: wakala wa laini akikwambia kidole hakijasoma, weka tena na tena, huenda anasajili laini ya pili kwa kitambulisho chako cha NIDA. Piga *106# uone ngapi ziko kwa jina lako. Na simu yako ikipoteza mtandao ghafla huku za wenzako zinashika, azima simu yenye laini ya mtandao wako upige 100 hapo hapo; huenda laini yako imeshahamishiwa kadi nyengine.

Pesa ikishatoka, dakika ndizo zinazohesabika. Piga 100 na namba ya muamala mkononi, waizuie kabla tapeli hajaitoa kwa wakala. Kisha ipeleke meseji yake 15040, ndiyo namba ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, ya kuripoti utapeli, na ukiulizwa namba ya tapeli, iandike. Usifute kitu, polisi watazitaka hizo meseji.

Bei ya udi sijaiona bado, na lile dera la kijani niwekee. Nisalimie Mama.

Wako,
Zuhura