Wito wa Harambee: Tumalize Karakana ya Mzee Fundi

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa washarika, majirani zetu wa dini zote, na wana wa Bukoba mliotawanyika Mwanza, Dar es Salaam na ng'ambo.

Msiba wa Mzee Fundi mmeusikia. Tumemzika kwenye kibanja chake, yaani shamba lake la migomba, nyuma ya nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, na matanga yameanuliwa. Familia imeomba jina lake lisiandikwe kwenye tangazo hili, kwa kuwa hata akiwa hai hakupenda kutajwa. Nasi tunamwita tulivyomzoea. Kila aliyefungua mlango wa kanisa letu au kukaa kwenye mabenchi yake ameigusa kazi ya mzee huyu.

Tunachowaomba ni shilingi milioni 16 za kumaliza karakana ya useremala aliyoianza. Msingi upo na kuta zimefika kwenye linta. Zana zake zimehifadhiwa chumbani kwa mjane wake, na vijana wanne aliokuwa akiwafundisha bado wanakuja kila asubuhi, wanafanyia kazi chini ya turubai. Mvua ikinyesha, kazi inasimama na mbao zinalowa.

Alizaliwa mwaka 1956, akajifunza useremala kwa baba yake mdogo. Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka na kuikalia ardhi yetu ya kaskazini mwa Mto Kagera, alikuwa kijana wa miaka 22, ndiyo kwanza ameanza kupokea kazi zake mwenyewe. Daraja la Kyaka likalipuliwa. Watu wa ng'ambo ya mto wakakimbia na watoto mgongoni, na baadhi yao wakapokewa kwenye vibanja vya huku kwetu. Mwalimu Nyerere alipolitangazia taifa tarehe 2 Novemba kwamba sababu ya kumpiga Amin tunayo, nia tunayo na uwezo tunao, Mzee Fundi alimwachia mama yake randa na msumeno, akajiandikisha mgambo.

Alipita Mutukula mpakani, akaingia Uganda hadi Masaka. Machi 1979 alikuwa Lukaya, kwenye barabara ile iliyozungukwa na kinamasi, ambako askari wa Libya waliokuja kumsaidia Amin walipambana na vijana wetu. Kampala ilikombolewa tarehe 11 Aprili, na yeye akarudi nyumbani baadaye mwaka huo, wakati mkoa wetu ulipoacha kuitwa Ziwa Magharibi ukaitwa Kagera. Habari za vita hakuzipenda. Watoto wakimuuliza, aliwasimulia jinsi walivyotembea, mvua ilivyowanyeshea na jinsi wanakijiji wa Uganda walivyowapa ndizi, basi. Lakini kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, alivaa koti lake na kwenda Kaboya, Muleba, wanakolala askari zaidi ya 600 wa vita ile. Wenzake wawili aliotoka nao kijijini hapa wamo humo. Akirudi alikuwa hasemi na mtu hadi kesho yake, na mkewe alijua kumwekea chai na kumwacha.

Katika ufundi wake hakuwa na haraka. Hakutengeneza mlango kwa mbao mbichi hata kwa bei gani. Mbao zake zilipangwa kivulini, zikitenganishwa kwa vijiti ili hewa ipite, zikakaa miezi hadi aridhike. Mteja aliyetaka kitanda wiki hiyohiyo alielekezwa kwa fundi mwingine, tena kwa heshima. Misumari aliitumia kidogo sana: ulimi wa ubao huu uliingia kwenye tundu la ubao ule, akapitisha kipini cha mti mgumu, akamaliza. Ndiyo maana madirisha aliyoyaweka nyumba ya mchungaji yangali yanafungwa bila kusukumwa na bega. Akikabidhiwa mninga au mvule aliupitishia msasa na kuuangalia kwanza mistari yake, ndipo akaugusa kwa patasi.

Majeneza alitengeneza pia, na hili wengi hawalijui: jeneza la mtoto hakulitoza. Baba wa marehemu alipokuja na fedha, aliambiwa akanunue sukari ya wafiwa. Wazee wa kanisa tumekuwa tukilijua hili kwa miaka mingi, na tunaona sasa ni haki lisemwe.

Mwaka 2016 ndio uliotuonyesha alikuwa mtu wa namna gani. Mwaka huo ndio elimu bila ada ilipoanza, watoto wakafurika madarasani, na nchi nzima ikawa inatafuta madawati. Yeye na wanafunzi wake walitengeneza ya shule yetu ya msingi kwa gharama ya mbao tu. Kabla hajapumzika, Jumamosi ya tarehe 10 Septemba, alasiri, ardhi ikatetemeka. Watu 17 walipoteza maisha mkoani, na nyumba nyingi za matofali zikapasuka kuta au kuanguka. Wakati huo alikuwa na miaka 60. Asubuhi ya Jumapili alizunguka nyumba kwa nyumba akikagua kenchi, akiweka nguzo za mkaratusi chini ya paa zilizolegea, akiwakataza watu kulala ndani palipokuwa na hatari. Alianza na nyumba za wajane. Ya kwake, iliyokuwa na ufa wa kupitisha mkono, aliigusa mwishowe kabisa.

Amelea watoto sita kwa viti, meza na vitanda, na wote wamesoma. Binti yake wa tatu alipotaka kujifunza kuranda, wapo waliocheka. Baba akamkatia benchi la kazi la kimo chake. Leo binti huyo ana cheti cha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, alichokipata kupitia mpango wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa, na ndiye anayewasimamia wale vijana wanne. Kwetu sisi, katika yote aliyoyaacha mzee, hili ndilo kubwa. Vijana wa hapa wasiopata nafasi sekondari wanaondoka kwenda mjini kutafuta vibarua, na karakana hii ingewapa kazi yenye kipato pasipo kuhama.

Mahitaji yako hivi. Paa, yaani mbao za kenchi, papi na bati, linahitaji shilingi milioni 7. Mashine ya kuranda na kupasua ni milioni 5. Zinazobaki ni za sakafu, milango, umeme na jiliwa mbili za kubania kazi. Familia imetoa kiwanja kwa hati iliyosainiwa mbele ya ofisi ya kijiji, ili karakana iwe mali ya usharika na ipokee kijana yeyote, awe Mlutheri, Mkatoliki au Mwislamu. Mzee mwenyewe alifundisha wote.

Harambee itafanyika Jumapili inayofuata Siku ya Mashujaa, mara baada ya ibada ya pili. Tunajua ni msimu wa kahawa, kwa hiyo mwenye gunia alete gunia. Mkungu wa ndizi, kuku, mayai, maharage, vyote vitanadiwa uwanjani kama kawaida yetu. Kadi za michango zipo kwa mhazini na kwa wazee wa kanisa wa kila mtaa. Walio mbali wawaombe ndugu zao wawachukulie, wala wasitume fedha kwa mtu asiyeonyesha kadi yenye muhuri wa usharika. Ahadi zinapokelewa hadi mwisho wa Desemba. Kila mwezi mhazini atasoma ibadani kilichopatikana na kilichotumika, na nakala itabandikwa kwenye ubao wa matangazo.

Mwenye mbao anakaribishwa sana, ila azipeleke mapema kwa binti wa mzee azikague, maana mbichi hazitapokelewa. Na ninyi mafundi mliopita mikononi mwake, mlioko Kamachumu, Kemondo na mjini, njooni Jumamosi ile ya kutangulia harambee, saa moja asubuhi, na nyundo zenu. Mbao za kenchi tatu zimekwisha kupatikana, na tunataka siku hiyo zipande.