Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Wanachama wapendwa, hamjambo. Hesabu za pesa mweka hazina atawasomea mwenyewe, michango imekuja vizuri na nawashukuru sana, hasa nyinyi mnatuma kidogo kidogo kwa M-Pesa kila mwezi bila kukumbushwa.

Mimi nataka kukaa kwa jambo moja tu. Mwenzetu akitoka operesheni ya moyo sisi wote tunafika kwake siku hiyo hiyo, na watoto, na mafua, tunajaa sebuleni tunamshika mikono. Ni upendo, lakini sikieni venye mwili wake uko.

Wakati wa operesheni moyo unasimamishwa na damu inapitishwa kwa ile mashine ya moyo na mapafu, ile ilifaulu mara ya kwanza kwa mtu mwaka wa 1953 kule Philadelphia. Sasa damu ikigusa mipira na plastiki kinga ya mwili inadhani adui ameingia, chembe nyeupe zinaamka mwili mzima, ndio maana unapata mgonjwa ICU amefura uso na joto limepanda. Hiyo ikitulia kinga nayo inashuka, chembe za kupigana na virusi zinapungua na zingine zinalegea kwa siku kadhaa, na huku mtu ana kidonda katikati ya kifua, mfupa wenyewe unaweza kuchukua hata miezi 3 kushikana. Mwenye ugonjwa wa sukari ndio tumwangalie zaidi, sukari ikipanda kidonda kinashika infeksheni upesi.

Kwa watoto kuna ingine wazazi wengi hawaambiwi. Juu ya moyo kuna tezi ya thaimasi, hapo ndipo chembe za kinga aina ya T zinakomaa, na mara nyingi daktari inabidi aikate yote ama kiasi ndio afikie moyo. Muulizeni kama ilitolewa, na mkienda kliniki ya chanjo semeni mtoto alifanyiwa operesheni na kama aliongezewa damu, juu chanjo ya surua inaweza kucheleweshwa.

Kwa hivyo naomba, wiki za kwanza waende wawili tu, wanawe mikono, mwenye kikohozi apige simu. Na wenye vali bandia za moyo, tafadhali sana, homa ikishika msikimbilie kemisti kununua antibayotiki, nendeni hospitali mtolewe damu ya kupimwa kwanza, juu dawa ikitangulia inaficha bakteria walio kwa vali. Na nyinyi mlioandikiwa na daktari sindano ya penisilini ya kuzuia homa ya rumatiki isirudi, msiruke hata kama mnajisikia wazima.

Majina ya watakaotembelea wagonjwa mpeeni katibu leo kabla hatujaachana.