Ganuni haidai wati, inadai mlango sahihi

Mhariri,

Kila ganuni, ile ala ya nyuzi nyingi, inapomezwa na kinanda na fidla ukumbini, waandaaji wa hafla za taarab hukimbilia kukodi amplifaya kubwa zaidi. Hilo ni kutupa pesa. Sauti huwa imeshaharibika kabla haijafika kwenye amplifaya.

Ganuni ya Kiarabu ina nyuzi 78 hivi, tatu tatu kwa kila noti, nazo kwa kawaida ni za nailoni. Kinasa cha sumaku cha gitaa la umeme hakiambulii kitu hapo, kwani kinahitaji chuma. Ndiyo maana wengi hubandika kisahani cha piezo cha milimita 27, kinachogeuza mtetemo wa ubao kuwa umeme, na kukichomeka moja kwa moja kwenye miksa. Uwezo wa kisahani hicho kuhifadhi chaji ya umeme ni takriban nanofaradi 20. Kikikutana na mlango wa miksa, yaani tundu la kuingizia sauti, wenye ukinzani wa kilo-omu 10, sauti zilizo chini ya hezi 800 huanza kufifia, na huko ndiko ziliko nyuzi nene zote. Fundi atazungusha kitufe cha besi mpaka achoke; atapandisha mvumo tu. Kwenye mlango wa mega-omu 1, mpaka huo hushuka hadi hezi 8.

Kwa hiyo kinachotakiwa ni kisanduku cha DI, kinachokaa kati ya ala na miksa, cha aina inayotumia umeme, chenye mlango wa mega-omu 1 au zaidi. Soma maandishi ya mtengenezaji kabla ya kulipa. Waya wa kutoka kwenye kisahani hadi kisandukuni usizidi mita 3, maana hudaka mvumo wa umeme wa ukumbi. Kutoka kisandukuni kwenda kwenye miksa, hata mita 50 hakuna neno.

Kisahani kikae kwenye ubao karibu na daraja, kwa nta au mkanda mwembamba wa pande mbili. Usiguse ngozi iliyo chini ya daraja. Mkanda wa sponji nao hunyonya sauti za juu.

Ampu ya gitaa iacheni kwa mpiga gitaa: spika yake haina twita, ile spika ndogo ya sauti za juu, na juu ya hezi 5,000 hivi hufa, ilhali mng'aro wa ganuni unaishi huko. Ampu ya kinanda, au spika ya ukumbi yenye wufa (spika ya sauti nene) ya inchi 10 na twita, inamtosha mpigaji kujisikia.

Spika ikianza kuvuma, ujue tumbo la ganuni limeisikia na nyuzi zinaitikia zenyewe. Usiielekeze kwenye tumbo hilo. Kata kila kilicho chini ya hezi 80, kisha jaribu kitufe cha kugeuza fezi, yaani kupindua mwelekeo wa mawimbi ya sauti, kwenye kisanduku au miksa. Ikiendelea, tafuta hezi inayovuma na uipunguze peke yake kwa desibeli 4 hadi 6. Kushusha besi yote ni kurudi kule kule kwenye sauti nyembamba ya bati, isiyo na nyuzi nene.

Wanaokodisha vyombo Unguja na Dar es Salaam huwa na visanduku hivi kwa ajili ya magitaa. Viombwe siku ya kuweka oda, si jioni ya hafla.

Fundi sauti,
Unguja