Risala ya Wahitimu wa Kozi ya Uwakala wa Forodha kwa Mgeni Rasmi, Malaba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu wetu, wazazi na walezi, wahitimu wenzetu: habari za mchana.

Karibu sana. Wewe unaajiri vijana hapa mpakani, na tunajua kuacha ofisi siku ya kazi si jambo dogo. Tunashukuru.

Kozi hii imetufundisha kusoma ankara, kukadiria ushuru, kuandaa tamko la forodha na kuliingiza kwenye Asycuda, mfumo wa kompyuta wa forodha. Kwenye hesabu walimu hawakutuonea huruma, na leo tunawashukuru kwa hilo. Lakini tumekubaliana risala hii izungumzie jambo tulilolipata nje ya darasa, wakati wa mafunzo kwa vitendo.

Mimi ninayeisoma niliongoza darasa kwenye hesabu. Wiki yangu ya pili mpakani aliingia dereva wa lori kutoka Mombasa, mtu wa makamo, macho mekundu. Namba ya kontena kwenye karatasi zake ilikuwa imekataliwa. Namba hiyo huwa na herufi nne na tarakimu saba, na tarakimu ya mwisho hukokotolewa kutokana na zilizotangulia ili kosa la uandishi lijulikane. Nilikokotoa palepale, nikaona tarakimu mbili zimebadilishana nafasi. Nikamwambia kwa sauti ya juu, mbele za watu, kwamba karatasi zake zimeandikwa kizembe. Alizikusanya moja moja, akatoka bila neno.

Mwenzangu mmoja, ambaye alama zake zilikuwa za kawaida tu, alimfuata. "Pole na safari, mzee." Akamsogezea kiti, akamwagizia chai, akanyamaza. Baada ya muda mzee akafunguka mwenyewe: usiku wa pili hajalala kitandani, mkewe amelazwa, na karatasi hizo alikabidhiwa zikiwa kwenye bahasha iliyofungwa. Hapo ndipo mwenzangu alipojua nani wa kupigiwa simu. Kisha akarudi kwangu kuomba namba sahihi. Kesho yake lori likavuka.

Mheshimiwa, bwenini tulibishana sana juu ya siku ile, hadi tukaanza kusoma walichoandika watafiti. Mwaka 1990 Peter Salovey na John Mayer wa Marekani walieleza akili ya hisia kuwa uwezo wa kutambua hisia zako na za wengine, kuzitofautisha, na kuzitumia katika kufikiri na kutenda. Daniel Goleman akaieneza kwa kitabu chake cha 1995, na tangu hapo wapo wanaosema alama za darasani si kitu. Hatukubaliani nao. Mwaka 1998 Frank Schmidt na John Hunter walipitia utafiti wa miaka 85 kuhusu uteuzi wa wafanyakazi, wakakuta uwezo wa kufikiri ni miongoni mwa vipimo bora vya kutabiri utendaji. Paul Sackett na wenzake walipopiga upya hesabu hizo mwaka 2022, uzito wake ulipungua, lakini haukuisha.

Lililotugusa zaidi ni la Dana Joseph na Daniel Newman, mwaka 2010. Walikuta akili ya hisia husaidia hasa kwenye kazi zinazomtaka mtu adhibiti hisia zake mbele ya wengine. Walipanga hatua zake hivi: kuona hisia, kuielewa, kisha kujimudu. Mimi siku ile niliona karatasi tu. Na kazi yetu, Mheshimiwa, ni ya kukutana na watu waliochoka, usiku na mchana.

Ndiyo maana tuna maombi. Kwanza, mafunzo kwa vitendo ni wiki sita tu. Tunaomba utusaidie yafike kumi na mbili, na msimamizi aandike pia jinsi mwanafunzi alivyomhudumia mteja. Jambo hili si geni hapa Uganda. Chini ya mtaala mpya wa sekondari ulioanza 2020, tathmini ya shuleni inachangia asilimia 20 ya alama za UCE, mtihani wa taifa wa kidato cha nne.

Pili, unapotuajiri, usiishie kwenye cheti. Tuite tukae mbele yako, utuulize sote maswali yaleyale: siku gani mteja alikukasirikia, na ulifanya nini? Katika hesabu za Sackett, usaili uliopangwa namna hiyo ndio uliotangulia vipimo vyote. Wengi wetu hatujawahi kuulizwa swali la aina hiyo tangu darasa la kwanza.

Tatu, tunaomba kompyuta nne zaidi. Sasa hivi tunakaa watano kwenye mashine moja.

Mwenzangu aliyemfuata yule dereva ameketi mstari wa pili, upande wa dirisha. Wahitimu tumemchagua yeye akukabidhi nakala ya risala hii.

Ni sisi wahitimu.