Malalamiko kuhusu skrini za LCD zisizosomeka juani

Mafundi wa Mizani,
Kisumu.

Kwa Meneja wa Ubora,

Bwana/Bibi,

KUH: KONTRASTI YA SKRINI ZA KUAKISI

Skrini mlizotuuzia kwa mizani za samaki zimeandikwa kontrasti (nyeupe kulinganishwa na nyeusi) ya 10 kwa 1. Juani pale ufukwe wa samaki wa Dunga tarakimu hufifia, na uzito usiposomeka ni mchuuzi anayeambiwa anaiba. Karatasi yenu ya vipimo haisemi taa ya kupimia ilikaa wapi wala joto lilikuwa kiasi gani. Skrini ya kuakisi haina mwanga wake. Ukihamisha taa, namba inabadilika.

Tuliacha taa ya halojeni iwake mpaka mwanga ukatulia, tukaielekeza kwa nyuzi 45 ndani ya chumba cheusi, mita ya mwangaza ikiitazama skrini moja kwa moja kutoka mbele. Kigae cheupe cha rejea, cha kulinganishia, tulikipima mahali pale pale, kimo kile kile. Sehemu nyeupe ya skrini iliakisi asilimia 30 ya kigae, nyeusi asilimia 3. Hapo 10 kwa 1 yenu ipo, hatubishi.

Ila mpangilio huo unauacha nje mng'ao wa uso wa juu. Chini ya anga wazi mwanga huja kutoka kila upande, na kioo kisicho na tabaka la kuzuia uakisi hurudisha takriban asilimia 4 kabla mwanga haujaingia ndani. Jumlisha 4 kwenye nyeupe na kwenye nyeusi: 34 kwa 7, haifiki hata 5 kwa 1. Hiyo ndiyo namba ya sokoni.

Kisha kuna upande wa kutazama. Skrini zenu zimeundwa kusomwa kutoka upande wa chini, ilipo 6 kwenye uso wa saa, aliko muuzaji. Mnunuzi amesimama ng'ambo, upande wa juu, ilipo 12, ambako kontrasti ni duni zaidi. Na mizani ikipata joto, volti inayohitajika kuwasha vijisehemu vya tarakimu hushuka, hivyo vijisehemu vilivyozimwa huanza kuonekana, 1 ikafanana na 7.

Tunadai mzigo mwingine wenye tabaka la kuzuia uakisi, au fedha zetu. Msitutumie nyuso za mati (zisizong'aa): hizo huutawanya mng'ao tu, hazipunguzi kiasi chake. Karatasi mpya itaje pembe ya taa na ya mita, kama mng'ao umehesabiwa, joto, volti, na upana wa eneo la skrini lililopimwa.

Wenu waaminifu,
Mafundi wa Mizani, Kisumu