Barua kwa mwanangu: mmemfunga nani?

Mwanangu Salma,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mama yako alidhani umefiwa. Nikamwambia ni mpira wa kikapu tu, chuo chako, Indiana State, wametemwa kwenye mashindano makuu ya vyuo vya Marekani. Akasonya, akarudi jikoni.

Hasira zako nazielewa. Ushindi 28, vipigo 6, mnafungwa na Drake 84 kwa 80 fainali ya ligi yenu, basi safari imekwisha. Virginia wakaitwa, wakaenda kuchapwa 67 kwa 42 na Colorado State. Pointi 14 kipindi kizima cha kwanza! Hata sisi wazee wa barazani tungezipata.

Ila neno lako "wezi", kwamba nafasi yenu imeibwa, silikubali. Mwaka huu wa 2024 timu za mashindano ni 68. Mabingwa wa ligi 32 wanaingia wenyewe, zinabaki nafasi 36, na anayezigawa ni kamati ya watu 12. NC State, ambao hakuna aliyewahesabu, walishinda mechi tano kwa siku tano wakatwaa ubingwa wa ligi yao, na nafasi moja ikaenda hivyo. Wamefika hadi nusu fainali. Nao ni wezi?

Mimi donda naliona kwenye ratiba, kabla mpira wa kwanza haujarushwa. Kamati inataka kuona umewafunga wakubwa, na ugenini kuna uzito zaidi: kumfunga timu ya 75 kwa ubora, kwake, kunahesabiwa daraja moja na kumfunga ya 30 kwako. Sawa. Lakini mkubwa gani atakuja kwenu Terre Haute? Akishinda hapati kitu, akifungwa ni aibu. Basi haji. Machi ikifika mnaulizwa: mmemfunga nani?

Nilipokuwa nafundisha timu ya shule, nilimwacha kijana mmoja wa Likoni. Feri ilikuwa ikimchelewesha, mazoezini nilimwona mara mbili tu. Niliyemchukua badala yake nilimwona kila siku. Daftari langu lilikuwa safi kabisa, kila alama mahali pake, na mbele ya jina la yule wa Likoni palikuwa peupe. Nilisoma ule weupe kama sifuri.

Mama yako karudi. Nimemweleza mlivyofika fainali ya NIT, kombe la walioachwa, mkafungwa na Seton Hall 79 kwa 77. Anauliza yule mrefu wa miwani, Avila, naye alilia?

Baba yako