Jumamosi: kodi za Glasgow, 1915

Ndugu zangu, habari za jioni. Jumamosi saa kumi tunakutana palepale, mada ni mgomo wa kodi za nyumba Glasgow, Uskoti, mwaka 1915, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Najua wengine mlitaka tuanze na viwanda vya silaha, lakini faida ya vita haikuchumwa kiwandani tu. Wafanyakazi walimiminika Govan na Partick, mitaa ya Glasgow, kujenga meli na kutengeneza mabomu, vyumba vikawa haba, wenye nyumba wakapandisha kodi. Na baadhi ya waliopandishiwa ni wake ambao waume zao walikuwa mstari wa mbele!

Mary Barbour, kiongozi wa wapangaji wa Govan, na wanawake wenzake walipanga ulinzi kwenye ngazi za kila jengo. Dalali wa mahakama akionekana, kengele inapigwa, wanawake wanatoka jikoni na unga mikononi, anarushiwa. Madirishani wakabandika karatasi: hatuhami. Kufikia Novemba kaya zipatazo 20,000 zilikuwa hazilipi nyongeza. Tarehe 17 wapangaji 18 walipoitwa mahakamani, mafundi wa meli waliacha kazi wakaandamana. Kesi zikafutwa, na Desemba sheria ikarudisha kodi kwenye kiwango cha Agosti 1914.

Swali langu, na naomba mje mmelifikiria: serikali ilizihurumia kaya, au iliziogopea meli zake? Mimi nasema meli.

Mchango wa chai ni uleule. Mama Rehema, tafadhali njoo na ile birika kubwa, ya mara iliyopita ilitutia aibu.